Baiskeli yako kabla ya kutoka: maswali anayoulizwa fundi wa Malindi

Kijiwe changu kiko Malindi, chini ya mwarobaini. Wanaopita hapa ni wachuuzi wa samaki wanaopeleka Ganda na Kakuyuni, wagema na mitungi yao, wauza mikate, wanafunzi, na siku hizi hata wageni waliokodi baiskeli kwenda Casuarina. Maswali yao hayatofautiani sana, kwa hiyo nimeyaandika. Kutengeneza ni kazi yangu. Kukagua ni kazi yako, maana baiskeli ikiamua kuharibika, wewe ndiye unayekuwa juu yake.

Nina dakika mbili tu. Niangalie nini?

Upepo, breki, mnyororo, kisha uiangushe. Finya tairi zote mbili kwa kidole gumba. Vuta breki ya mbele uisukume baiskeli: gurudumu la nyuma litake kuinuka. Achia, vuta ya nyuma uisukume tena: gurudumu liburutike bila kuzunguka. Zungusha pedali kinyumenyume mara tatu huku ukiusikiliza mnyororo. Halafu inua baiskeli nzima vidole vinne kutoka ardhini uiachie. Iliyo nzima hutua kwa mshindo mmoja. Iliyolegea hulia kama kabati la vyombo, na hapo ndipo uanze kutafuta nati iliyolegea. Mara nyingi huwa ni madigadi au kengele, na hayo hayajamuua mtu. Sauti ikitoka kwenye foko, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, au kwenye magurudumu, baiskeli isukume kwa mkono mpaka kwa fundi.

Tairi nijaze upepo kiasi gani?

Soma ubavuni mwa tairi. Kiwango kimechapwa pale kwenye mpira wenyewe, kwa kipimo cha PSI, na watu wanapita nacho miaka bila kukitazama. Zile pana za inchi 26 za baiskeli za mlima kwa kawaida ni kati ya 35 na 65. Zile kubwa za inchi 28 za baiskeli nyeusi za kazi, 40 hadi 60. Nyembamba za mbio hufika 80 na kupita 100.

Huna kipimo? Panda baiskeli ukiwa na mzigo wako wa kawaida, umwombe mtu atazame tairi ya nyuma pale inapokanyaga chini. Itanuke kidogo tu. Ikilala kama chapati, rimu itakula tyubu kwenye jiwe la kwanza, nawe utakuja kwangu na matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Hiyo si miba. Ni upepo mdogo.

Naweza kujaza kwa mashine ya petroli stesheni?

Unaweza, lakini ile mashine imezoea tairi za magari. Tyubu ya baiskeli hujaa kwa sekunde chache na kupasuka kwa mlio utakaofanya watu walale chini. Bonyeza kidogo, achia, finya, bonyeza tena. Pampu ya mguu ni bora.

Kwa nini napata pancha kila wiki mahali pale pale?

Kwa sababu miba bado imo ndani ya tairi. Umeziba tyubu, hukuitafuta miba. Vua tairi, pitisha vidole taratibu upande wa ndani, duara nzima. Taratibu, kwa sababu ukikimbiza mkono utaupata ule mwiba kwa damu yako. Huku kwetu maadui ni watatu: mbigili wa kando ya njia, mwiba wa mathenge ukielekea upande wa Tana River, na jiwe la matumbawe, ambalo halichomi bali hukata. Penye mkato, weka kipande cha tyubu kuukuu ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu, la sivyo tyubu itachungulia nje.

Kuhusu kiraka chenyewe: msasa kwanza mpaka mpira upoteze mng'aro, gundi nyembamba, kisha ngoja. Watu hawangoji. Gundi ikiwa bado mbichi kiraka hukaa siku moja, na ukiianika baiskeli juani adhuhuri mbele ya msikiti, unarudi kuikuta imelala. Gundi iguse kidole isinate, ndipo ubandike na kukandamiza.

Kuna mzee huniambia afadhali tairi zisingekuwa na upepo kabisa. Ziliwahi kuwa hivyo. Mpaka John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo aliyeishi Belfast, alipotengeneza tairi ya upepo kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe na kuisajili mwaka 1888, watu walipanda juu ya mpira mtupu. Pancha hazikuwepo. Migongo nayo ilikuwa haipo.

Breki zangu zinashika, lakini sina imani nazo. Nizikague vipi?

Hili swali ni zuri, nami nitalijibu kwa kirefu.

Anza na mkono wa breki. Uvute mpaka mwisho kwa nguvu zako zote. Ukigusa usukani, huna breki, hata kama leo asubuhi ulisimama vizuri. Ubakie nafasi ya vidole viwili kati ya mkono na usukani. Kisha fuata waya kutoka mkononi hadi chini, ukitazama miisho yake miwili, kwa sababu waya haukatiki katikati. Hukatika pale unapoingia kwenye mkono wa breki, uzi mmoja mmoja, ukiwa umejificha. Ukiona uzi mmoja umesimama kama unywele, badilisha waya leo. Bei yake si kitu.

Halafu raba. Raba iguse rimu peke yake. Ikipanda juu na kugusa tairi, itaichonga mpaka tyubu ipasuke ukiwa kasi. Ikishuka chini ya rimu, siku moja itaingia kwenye spoki. Mifereji iliyochongwa kwenye raba ikiisha, raba nayo imeisha. Ukisikia chuma kinasaga, basi ulichelewa.

Wenye baiskeli nyeusi za breki za fito, zile ambazo raba huvutwa juu kugusa rimu kwa ndani, nina neno lenu pekee. Kile kikombe cha chuma kinachoshika raba kina upande mmoja uliofungwa na mwingine ulio wazi. Upande uliofungwa lazima uelekee kule rimu inakokimbilia. Ukiugeuza, rimu huivuta raba ikatoka yote. Nilijifunza hili nikiwa kijana, kwa baiskeli ya kukodi, nikiteremka kuelekea daraja la Sabaki. Nilivuta breki, nikasikia "chwap", raba ikaruka kando ya barabara kama chura. Nilisimama kwa soli za ndara zangu, na kovu la kisigino ninalo hadi leo. Aliyenikodisha alinidai pesa ya raba.

Wakati wa masika kumbuka kwamba rimu ya chuma ikilowa, breki hupungua sana. Unapokaribia mahali pa kusimama, gusa breki kidogo mapema ili raba ipanguse maji, ndipo uvute.

Gurudumu linacheza kushoto na kulia. Ni hatari?

Inategemea linacheza kitu gani. Inua gurudumu, lizungushe, utazame nafasi kati ya rimu na raba ya breki. Rimu ikiyumba kiasi cha unene wa sarafu, unaweza kwenda kazini na kuja kwangu jioni. Ikigusa raba upande mmoja kila mzunguko, njoo sasa.

Kisha shika gurudumu lenyewe juu na ulisukume ubavuni. Likitikisika kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, gololi zimelegea au zimekwisha, na hilo ni baya kuliko kuyumba kwa rimu. Spoki nazo zibonyeze mbili mbili kwa vidole, mzunguko mzima. Iliyolegea utaijua, na iliyokatika utaiona aibu kwamba hukuiona jana. Baiskeli nyingi nyeusi za zamani zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko mzigo uliko. Ukiwa na 38 nyuma, zile mbili zilizobaki haziko likizo. Jirani zake zinafanya kazi yao, na ndizo zitakazofuata kukatika.

Nati za magurudumu zishike kwa spana mara moja kwa wiki. Kama gurudumu lako ni la wenzo wa kufunga kwa mkono, wenzo ule haukazwi kwa kuzungushwa kama nati. Unakunjwa, na kiganja kibaki na alama yake. Ukikunjika kirahisi, haujafunga.

Kutu. Nimenunua baiskeli mwaka jana na tayari imekuwa nyekundu.

Karibu Malindi. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata siku isiyo na mvua. Ukikaa karibu na ufuo ni mbaya zaidi, na ukiwa mchuuzi wa samaki ni mbaya mara mbili, kwa sababu maji ya barafu yenye chumvi hutiririka kutoka kwenye kreti hadi kwenye rimu ya nyuma, spoki na friweli, lile gurudumu dogo la meno linalovutwa na mnyororo. Nikiletewa baiskeli isiyo na mwenyewe, nikatazama gurudumu la nyuma, naweza kukwambia kama ni ya samaki au ya mikate.

Dawa yake ni maji matamu na kitambaa. Kila jioni mwagia maji matamu sehemu ya nyuma, usipulize kwa mpira wa nguvu kwenye habu, maana utaingiza chumvi ndani kwa gololi. Pangusa. Mara moja kwa wiki safisha mnyororo kwa mafuta ya taa na mswaki mzee, uuache ukauke, ndipo utie oili: tone moja kwa kila kiungo, zungusha, kisha pangusa ya juu yote. Oili inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani ya viungo. Ile inayong'aa nje kazi yake ni kukusanya mchanga.

Mafuta ya cherehani yanafaa, ingawa hukauka upesi. Oili chafu ya injini, ambayo wengi hupewa bure gereji, imejaa masizi na vumbi la chuma. Ni kama kusugua mnyororo kwa msasa mwembamba. Mafuta ya nazi tia kichwani.

Mnyororo uliokwisha hupimwa kwa rula. Weka sifuri katikati ya pini moja. Inchi 12 mbele lazima ikutane na katikati ya pini nyingine. Pini ikiwa imepita ile alama kwa sehemu ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo. Ikiwa imepita kwa sehemu ya nane, mnyororo umeshakula meno ya friweli pia, nawe utanunua vyote viwili.

Naweza kuendesha ufuoni maji yakitoka?

Wengi hufanya hivyo, na wakati wa bamvua mchanga uliolowa huwa mgumu kama sakafu. Punguza upepo kidogo, usiingie majini hata kama yanafika kifundoni tu, na ukifika nyumbani ioshe siku ile ile, usingoje kesho. Ukiingia majini mpaka habu ikazama, ile grisi ya ndani si grisi tena. Ni uji wa chumvi. Habu ifunguliwe.

Pedali inagonga mara moja kila mzunguko: tak, tak, tak.

Kama krenki yako, yaani mkono wa pedali, imefungwa kwa kotapini, ile pini inayoibana kwenye ekseli, ndiyo hiyo imelegea. Jaribu: weka pedali zote sawa, moja mbele moja nyuma, simama juu yake ukiwa umeegemea ukuta, kisha zigeuze nusu mzunguko usimame tena. Krenki ikidondoka kidogo kabla ya kushika, umempata mwizi.

Kosa la kila mtu ni kukaza nati ya kotapini. Nati haivuti kotapini, huishikilia tu isirudi. Kotapini hugongwa kwa nyundo, krenki ikiwa imeegemezwa kwenye kitu kigumu kwa chini ili gololi zisiumie, ndipo nati ikazwe. Ukiendelea kupanda ikiwa imelegea, itajichonga, itakatika, na itachagua kukatika ukiwa umesimama juu ya pedali kupanda mlima.

Nimejaribu kukaza pedali ya kushoto, inazidi kufunguka.

Unaizungusha vibaya. Uzi wa pedali ya kushoto umekatwa kinyume. Kumbuka hivi: spana ikiwa juu, pedali zote mbili hukazwa kwa kuelekea mbele ya baiskeli na kufunguliwa kwa kuelekea nyuma. Usipige kwa nyundo, tafadhali.

Nabeba mitungi minne ya lita 20. Kuna tatizo?

Lita moja ya maji ni kilo moja. Hesabu: 80, bila wewe, na ukiwa na mtu wa kilo 70 juu yake gurudumu la nyuma linabeba karibu yote. Breki zilizokusimamisha mtupu hazitakusimamisha umejaa, kwa hiyo zijaribu ukiwa na mzigo, mahali tambarare, kabla hujaingia barabara kuu.

Kagua bolti za keria, hasa zile mbili za chini karibu na ekseli. Zikikatika, keria huanguka juu ya tairi na kufunga gurudumu papo hapo. Mipira ya kufungia, hata ile uliyoikata kwenye tyubu kuukuu, isiwe na mkia unaoning'inia. Mkia ule hutafuta spoki kama panya anavyotafuta tundu. Baada ya kilomita ya kwanza, simama uvute mzigo tena. Mzigo hukaa baada ya kutikiswa, na kamba iliyokuwa imekaza huwa imelegea.

Mama Ganda anauliza: nivae vipi nisiingie kwenye mnyororo?

Mama, kama ni wewe unayeendesha, tafuta baiskeli yenye kava ya mnyororo na ufunge pindo la buibui upande wa kulia, kwa sababu mnyororo uko kulia. Kama unabebwa nyuma, leso iwe imefungwa kiunoni, isipepee. Leso ikishikwa na gurudumu la nyuma humvuta mtu chini kabla hajasema "simama". Wanaume wa kanzu ya Ijumaa, maneno ni yale yale: ikunje uingize kwenye mshipi wa suruali, au ukae nayo mapajani.

Mtoto akiketi nyuma, suala si kuanguka tu. Ni mguu kuingia kwenye spoki. Nimeshawahi kukata spoki kwa koleo ili kumtoa mtoto, na sitaki kuifanya tena kazi hiyo. Miguu yake iwe na mahali pa kukanyaga, na kando ya gurudumu kuwe na kinga, hata ya ubao mwembamba au wavu. Viatu avae. Na asilale. Akianza kusinzia, shukeni mtembee.

Kiti kiwe juu kiasi gani?

Keti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Goti linyooke bila nyonga kuinama. Ukipanda kawaida, ukikanyaga kwa unyayo wa mbele, goti litabaki limepinda kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Nguzo ya kiti ina alama ya mwisho. Alama ikionekana nje ya fremu, umepandisha kupita kiasi. Kuhusu kuvika kiti mfuko wa plastiki kisilowe, mifuko imepigwa marufuku tangu Agosti 2017. Tumia kipande cha ngozi ya sintetiki.

Nimenunua mpya dukani, au ya mtumba kutoka Ulaya. Bado inahitaji kukaguliwa?

Mpya ndiyo inayohitaji kuliko zote. Hutoka kwenye boksi ikiwa nusu, na aliyeiunga huenda alikuwa na haraka ya kuuza. Nimeona foko iliyowekwa nyuma mbele zaidi ya mara moja. Itazame kwa ubavu: foko hujikunja kwenda mbele, mbali na pedali. Simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu kwa magoti, jaribu kugeuza usukani. Usigeuke peke yake. Vuta breki ya mbele uitikise baiskeli mbele na nyuma, kidole kikiwa pale foko inapoingia kwenye fremu. Ukihisi mchezo, beringi za shingo zinataka kukazwa.

Ya mtumba mara nyingi ni chuma kizuri chenye tairi zilizozeeka ghalani. Kunja ubavu wa tairi: ukiona nyufa kama za udongo wa kiangazi, bei ishuke au utafute nyingine. Na ujue mapema mkono upi unavuta breki ya mbele, kwa sababu zinazotoka nchi zinazoendesha kulia mara nyingi zimegeuzwa. Mtu aliyezoea upande mmoja akashtuka na kuvuta ule mwingine kwa nguvu, hupita juu ya usukani.

Taa ni lazima?

Ukirudi baada ya magharibi, ndiyo. Hapa jua likizama giza haligongi hodi. Nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kiakisi mwanga kilichopanguswa vumbi. Tochi ya simu mdomoni si taa.

Kofia ya kinga?

Ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda uruhusu kidole kimoja chini ya kidevu. Ikiwa imewahi kuanguka vibaya au ina ufa, imeshafanya kazi yake. Usiivalie juu ya kofia ya vito. Huelea juu yake, na vito vyenyewe vitaharibika.

Nakwenda Gede na Watamu kesho. Nibebe nini?

Mpaka Gede ni kama kilomita 16, na Watamu unaongeza kidogo kwa upande wa baharini. Ukaguzi ufanye leo jioni, si kesho alfajiri, maana ukikuta kasoro alfajiri utajidanganya kwamba ni ndogo. Beba tyubu ya akiba, pampu, vyuma viwili vya kuvulia tairi, spana ya nati zako mwenyewe (jaribu kama inaingia, usiamini namba), viraka, gundi na maji. Kwa safari ya Mambrui zingatia upepo pia. Kusi ikivuma, kwenda ni raha na kurudi ndiyo habari.

Fundi, yako wewe unaikagua?

Ijumaa kabla ya sala. Madigadi ya nyuma yanalia tangu Ramadhani, na wateja wananicheka. Breki njoo ujaribu mwenyewe.